Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Vipuri vya BMX na Baiskeli ya Milima

Mwezi huu sehemu kubwa ya ukurasa nimeipa barua moja kutoka Kisauni, kwa sababu aliyeiandika yumo mbioni kufanya biashara ambayo ikishafanyika haitarudi nyuma. Barua mbili fupi zinafuata.

SWALI: Ndugu Mshauri, assalaam aleikum. Ami yangu, ambaye alikuwa baharia na akaishi Uingereza kwa muda katika miaka ya 1980, alifariki mwaka uliopita. Katika stoo ya nyumba yake Mji wa Kale tulikuta sanduku la mbao lenye vipuri vya baiskeli ndogo za BMX: magurudumu mawili meupe ya plastiki yenye mikono mitano badala ya spoki, yaliyoandikwa Skyway, breki na leva za Dia-Compe, pedeli za Shimano DX, kibao cha namba cha kufungwa kwenye usukani chenye jina la Haro, kranki (mikono inayoshika pedeli) zisizo na maandishi, na fremu ya kromu iliyoshika kutu. Mjane wake aliniambia nichukue sanduku lote, kwani kwake yeye ni vyuma tu. Muuzaji mmoja wa baiskeli za mtumba ameniahidi shilingi 4,000 kwa vyote pamoja. Mimi nina baiskeli ya milima ya inchi 26, fremu ya chuma, gia saba nyuma, breki za raba, na uma wa mbele wa springi ambao umekwama kwa kutu. Huiendesha kila siku kwenda kazini Mtwapa, na Jumapili tunavuka Likoni na wenzangu kwenda njia za mchanga na mawe upande wa Kwale. Ekseli ya nyuma imevunjika mara mbili mwaka huu. Nia yangu ni kuuza vipuri ninunue uma wa hewa (unaonesa kwa hewa iliyobanwa badala ya springi) na breki za diski. Je, nikubali bei hiyo, na nianze na kipi?
— Mwendesha baiskeli, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Usikubali bei hiyo leo. Lakini kabla ya kuzungumzia bei kuna jambo lililotangulia, nalo ni kwamba sanduku hilo ni sehemu ya mali ya marehemu. Mjane alikupa akiamini kwamba anakupa vyuma vya kutupa, na inawezekana marehemu ana watoto au warithi wengine ambao hawakuulizwa. Wewe sasa umeanza kushuku kwamba ndani yake mna thamani, ndiyo maana umeniandikia. Rudi kwa mjane, mweleze ulichokiona na ulichoahidiwa, na mkubaliane mbele ya warithi kama unapewa hiba, kama unauza kwa niaba yao ukapata haki yako ya kazi, au kama mtagawana. Ukilifanya hilo mwanzoni, utauza bila hofu ya kuulizwa baadaye fedha zilikwenda wapi.

Sasa kuhusu vitu vyenyewe. Mchezo wa BMX ulianzia California mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale watoto walipoiga mashindano ya pikipiki za matope kwa kutumia baiskeli za magurudumu ya inchi 20, hasa Sting-Ray ya kampuni ya Schwinn iliyokuwa imetoka mwaka 1963. Mwaka 1974 tayari kulikuwa na kampuni za Mongoose na Redline zikitengeneza vipuri vya kazi hiyo peke yake, na mwaka 1978 kijana Bob Haro alikuwa akitengeneza vibao vya namba kama hicho ulicho nacho. Uingereza mchezo ulishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1982 kampuni ya Raleigh ikatoa baiskeli yake ya Burner, ambayo watoto wengi wa huko waliililia kwa wazazi wao. Ami yako alikuwa huko katika miaka yenyewe. Watoto wale leo ni watu wazima wenye zaidi ya miaka hamsini, na baadhi yao wanaijenga upya baiskeli waliyokuwa nayo au waliyoitamani wakaikosa. Mtu wa aina hiyo hatafuti breki tu. Anatafuta breki ya mwaka ule, ya rangi ile, yenye skrubu zake. Hapo ndipo thamani inapotoka, na ndiyo sababu muuzaji wa mtumba, hata akiwa mwaminifu, hawezi kukupa bei ya haki, kwa kuwa wateja wake wanatafuta kitu cha kuendesha kesho asubuhi.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutambua ulicho nacho. Geuza kila kipuri utafute herufi na namba ndogo zilizopigwa kwenye chuma. Shimano ilikuwa na desturi ya kupiga herufi mbili: ya kwanza ni mwaka, ikianzia A kwa 1976, na ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Ukikuta HC, basi kipuri hicho kilitengenezwa Machi 1983. Pedeli zipime unene wa skrubu yake, kwa sababu pedeli za BMX zilitengenezwa kwa vipimo viwili: inchi 1/2, ambayo ni milimita 12.7, kwa kranki za kipande kimoja, na inchi 9/16, karibu milimita 14.3, kwa kranki za vipande vitatu. Mnunuzi atakuuliza hilo kabla ya kitu kingine. Kranki nazo ziangalie vivyo hivyo: je, ni nondo moja iliyopindwa na kupita katikati ya fremu, au ni mikono miwili inayofungwa kwenye ekseli yake? Za vipande vitatu, zilizotengenezwa kwa bomba la kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni), hutafutwa zaidi, na kukosa maandishi si hoja ya kuzidharau, kwa kuwa stika hubanduka. Fremu itazame chini, mahali pa gololi za kranki, na nyuma pale ekseli inapokaa. Huko ndiko namba ya fremu hupigwa mara nyingi. Usijaribu kutambua kromoli kwa sumaku, maana sumaku inashika kromoli kama inavyoshika chuma cha kawaida.

Magurudumu ya Skyway yanahitaji uangalifu wa pekee. Ni ya nailoni, na magurudumu ya umbo hilohilo yameendelea kutengenezwa hata baada ya enzi yake, kwa hiyo usitangaze kwamba ni ya miaka ya 1980 kwa kutegemea umbo peke yake. Piga picha maandishi yote yaliyo juu yake pamoja na habu (kitovu cha gurudumu, inamopita ekseli), ueleze yalikopatikana, na umwache mnunuzi mwenye ujuzi aamue. Yatazame kwenye mwanga mkali pale mikono mitano inapokutana na habu, kwa sababu nyufa nyembamba kama unywele huanzia hapo. Rangi nyeupe kugeuka manjano ni alama ya jua na umri, nayo haifichwi.

Na hapa nakusihi sana: usisafishe kwa pupa. Miaka mingi iliyopita nilipewa jozi ya leva za breki zenye rangi ya buluu, ile inayoingizwa kwenye alumini kwa umeme kiwandani. Ziliparara kidogo. Nikazisugua kwa msasa laini hadi zikang'aa kama kijiko kipya, nikijiona nimezipandisha hadhi. Mtu aliyekuwa akizisubiri alizitazama, akanirudishia mkononi bila neno, kwa kuwa rangi aliyoitaka ilikuwa imebaki kwenye msasa wangu. Tangu siku hiyo mimi hutumia maji matamu ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini na kitambaa, basi. Siki na ndimu vinaharibu rangi ya alumini. Petroli inayeyusha stika. Mahali pekee unapoweza kwenda mbele kidogo ni kromu ya fremu: kunja kipande cha karatasi ya alumini ya kufungia chakula, kichovye majini, usugue kutu taratibu; alumini ni laini kuliko kromu, hivyo huondoa kutu ya juu bila kuichana kromu yenyewe. Penye stika usiguse. Wala usiipake fremu rangi mpya, hata kama fundi atakuahidi kazi safi.

Katika kuuza, tenganisha vitu, lakini usitenganishe jozi. Magurudumu mawili yauzwe pamoja, breki iende na leva yake, waya wake na skrubu zake ndogo, maana skrubu moja ya asili ikipotea huenda mnunuzi akaitafuta mwaka mzima. Piga picha mchana, kivulini, juu ya shuka jeupe, na rula ikionekana pembeni, pande zote mbili, na kila kasoro uipige kwa karibu. Bei usiichukue kwenye matangazo ya watu wanaotaka kuuza, kwa sababu kutaka hakuna mpaka. Tafuta rekodi za vitu vilivyokwisha kuuzwa, ulinganishe hali ya kipuri chako na ya kile kilichouzwa. Iwapo usukani, kranki au fremu ina ufa, iandike wazi kwamba ni ya kuwekwa kwenye maonyesho na si ya kuendeshwa. Kuna mtu atakayeketi juu ya chuma hicho.

Mnunuzi wa nje atataka kujua gharama ya usafiri kabla hajakubali. Posta hutaka ujaze tamko la forodha linalotaja kitu na thamani yake, na thamani hiyo iwe ya kweli hata mnunuzi akikuomba uipunguze. Kampuni za usafirishaji wa haraka mara nyingi hutoza kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ukigawa kwa 5,000. Boksi la magurudumu yako, tuseme sentimita 55 kwa 55 kwa 20, litahesabiwa kuwa kilo 12 na zaidi kidogo, ingawa kwenye mizani huenda lisifike 4. Kwa hiyo magurudumu jaribu kwanza kuyauza humu nchini, au yafunge kwenye boksi lenye wembamba unaowezekana. Pedeli, leva na kibao cha namba hazina shida hiyo. Na kama mnunuzi yuko Mombasa na analipa kwa simu, usitegemee ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake wala ule unaoingia kwako. Fungua uangalie salio lako mwenyewe kabla mzigo haujatoka mkononi.

Sasa baiskeli yako. Umesema unataka uma wa hewa na breki za diski, ila tatizo lililo zito zaidi umelitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: ekseli kuvunjika mara mbili kwa mwaka. Gia zako saba za nyuma, kwa maelezo yako, yaelekea ni friwili, yaani seti ya meno ya kukazwa kwa skrubu kwenye habu. Katika habu ya namna hiyo gololi za upande wa mnyororo hukaa ndani sana, nyuma ya friwili, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki kinaning'inia bila mhimili. Kila unapoangukia shimo, uzito wako unaipinda ekseli mahali pale pale. Kubadilisha ekseli peke yake ni kurudia ugonjwa. Dawa yake ni gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti (seti ya meno inayochomekwa juu ya habu), ambamo gololi za upande huo zimesogezwa hadi karibu na fremu. Pima nafasi ya ndani kati ya ncha mbili za fremu nyuma. Habu nyingi za baiskeli za milima za kizazi hicho ni milimita 135. Si lazima ubadilishe leva za gia pia: kaseti ya gia saba inakaa kwenye habu ya gia nane au tisa ukitanguliza pete ya milimita 4.5 nyuma yake. Omba gurudumu lililofumwa kwa spoki zisizoshika kutu na vichwa vya spoki vya shaba nyeupe au ya manjano, kwa kuwa vichwa vya alumini katika hewa yetu ya chumvi huganda na kupasuka.

Fedha za kwanza za sanduku ziende hapo. Za pili ziende kwenye tairi nzuri mbili, raba mpya za breki, na nyaya za ndani zisizoshika kutu pamoja na mirija yake. Tairi ya inchi 26 yenye upana wa 2.1 ukiijaza upepo wa psi (kipimo cha pampu) kati ya 30 na 40, kulingana na uzito wako, itakupunguzia mtikisiko wa mawe ya Kwale kiasi ambacho huenda ukausahau uma wa hewa kwa muda.

Diski nitakuambia wazi: fremu yako, ikiwa haina masikio ya kufungia breki hizo karibu na ekseli ya nyuma, haiwezi kuzipokea, na usikubali fundi yeyote ayachomelee, kwa kuwa bomba hilo halikutengenezwa kubeba nguvu ya kusimamisha kutoka upande mmoja. Breki za raba zilizorekebishwa vizuri zinatosha kwa safari zako, mradi utazame ukuta wa rimu. Mchanga uliolowa huulamba, na ukiona umebonyea kama kisahani, rimu imekwisha.

Uma uliokwama unapaswa kuondolewa, hilo sikatai. Lakini pima kwanza. Shina lake la juu, kwenye baiskeli nyingi za enzi hiyo, lina unene uleule wa milimita 28.6 kutoka juu hadi chini, na uma nyingi mpya zimetengenezwa na shina linalopanuka kuelekea chini, ambalo halitaingia kwenye fremu yako. Pima pia urefu kutoka ekseli hadi chini ya fremu. Ukiweka uma mrefu kuliko wa asili, kila milimita 20 zinazoongezeka huulaza usukani kwa karibu nyuzi 1, na baiskeli inakuwa nzito kukata kona. Ningekuwa mimi, ningeweka uma wa chuma usio na springi, wenye urefu unaolingana na ule wa asili. Ni mwepesi kuliko springi za bei nafuu, na chumvi haina cha kukwamisha ndani yake. Ukipata uma wa hewa uliotumika wa inchi 26, hakikisha unashuka na kupanda bila kuvuja mafuta kabla hujalipa.

Jambo la mwisho kwako ni maji. Najua mitaa mingi ya Kisauni inatumia maji ya kisima yenye chumvi, na nimeona vijana wakiosha baiskeli kwa maji hayo baada ya kutoka ufukweni, wakidhani wanaitibu. Tumia maji matamu hata kama ni ndoo nusu, kausha, kisha utie mafuta kwenye mnyororo. Kila baada ya miezi mitatu chomoa nguzo ya kiti, uipake grisi na uirudishe. Ikiwa nguzo ni ya alumini na fremu ni ya chuma, vikiachwa katika hewa ya bahari hushikana hadi visitenganishike.

SWALI: Mshauri, mnyororo wangu ulikuwa umelegea nikanunua mpya. Sasa kila nikikanyaga kwa nguvu unaruka meno ya nyuma, jambo ambalo wa zamani haukulifanya. Je, nimeuziwa kitu kibovu?
— Mama wa watoto wawili, Mtwapa

JIBU: Bibi, yaelekea mnyororo ni mzima. Ule wa zamani ulirefuka polepole na meno yakachakaa pamoja nao, hivyo viwili vilikuwa vimezoeana; mpya una urefu wake sahihi na hauwezi kukaa kwenye meno yaliyoliwa. Badilisha friwili pia. Siku zijazo pima kwa rula kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25: mnyororo mpya ni milimita 304.8. Ukifika 306.3, badilisha mnyororo peke yake na meno yatasalimika. Ukikaribia 308, jiandae kununua vyote viwili, kama ilivyokukuta.

SWALI: Nilinunua tairi ya inchi 20 kwa ajili ya BMX ya mwanangu, lakini haiingii kwenye rimu hata fundi akitumia nguvu. Zote mbili zimeandikwa 20.
— Baba, Likoni

JIBU: Mzuie fundi asiendelee, kwa sababu atavunja ukingo wa tairi. Inchi 20 ni jina la jumla tu na chini yake kuna vipimo tofauti, viwili vikiwa ndivyo vya kawaida. Tairi zilizoandikwa kwa desimali, kama 20 x 1.75, ni za rimu ya milimita 406. Zilizoandikwa kwa sehemu, kama 20 x 1 3/8, mara nyingi ni za rimu ya milimita 451. BMX nyingi ni 406, lakini baadhi ya zile za mashindano, nyembamba, ni 451. Tafuta kwenye ubavu wa tairi na ndani ya rimu namba yenye kistari, kwa mfano 47-406, ambapo namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha rimu. Za nyuma ya kistari zikilingana, tairi itaingia kwa mikono mitupu. Kama uliyonunua haijachafuka, irudishe leo ukiwa na rimu yenyewe mkononi.